Maneno ya Kumtoa Mtu

Jirani yangu hapa Mbeya alikwenda kwao Ilula kwenye msiba, akarudi na ndoo ya nyanya kwa ajili yangu. Zilichumwa kwa haraka, maana nyingine zilikuja na vikonyo na majani yake. Nilipofungua mfuniko, ile harufu ya majani ya nyanya ikanipanda puani, nikalazimika kuvuta kigoda na kukaa. Watu wa mjini wanadhani nyanya inanukia kwenye tunda. Aliyekulia shambani anajua kwamba harufu yenyewe iko kwenye majani: kali, yenye uchungu fulani, inakupaka vidole rangi ya kijani inayogeuka nyeusi, na sabuni haiitoi. Mama yangu alinuka hivyo maisha yake yote. Nami kila nikiisikia harufu hiyo, kabla sijamkumbuka Mama mwenyewe, huwa naogopa kwanza.

Acha niseme niliogopa nini. Wenzangu wa rika langu nadhani mtanielewa, kwa sababu sisi hatukulelewa kuuliza. Watoto wa siku hizi wanauliza kila kitu, mpaka unatamani wanyamaze kidogo. Sisi tulinyamaza, tukajijibu wenyewe, na majibu tuliyojipa yalikuwa mabaya kuliko ukweli.

Tulikaa kijijini upande wa Kilolo, katika nyumba ya bati yenye kijumba cha Bibi pembeni. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya chai huko Mufindi, akija nyumbani mwisho wa mwezi na sukari, majani ya chai, na ukimya wake. Siku nyingi tulikuwa watatu tu: Mama, mimi, na Bibi mzaa baba, ambaye hakuwahi kubatizwa na wala hakuwa na haraka hiyo. Mama alikuwa Mlutheri wa kweli kweli. Aliimba kwaya ya akina mama, na joho lake la zambarau lilining'inia chumbani kwenye msumari wake peke yake. Tulikatazwa hata kuliegemea.

Siku ya kwanza kuanguka nilikuwa katikati ya matuta ya nyanya. Kuanguka kwenyewe sikukumbuki. Nakumbuka kuamka: mdomoni ladha ya damu na udongo, nyanya zimepondeka chini ya mgongo wangu, na harufu ya majani iko kila mahali. Wanawake waliokuwa wakichuma nasi walikuwa wamesogea hadi ukingoni mwa shamba, wamekusanyika wakitutazama. Kwetu watu waliamini kwamba ukimgusa mwenye kifafa akiwa anatoka povu, na wewe unaupata. Mama peke yake ndiye aliyekuwa chini nami, kichwa changu kikiwa mapajani mwake na povu langu kwenye kitenge chake.

Nilianguka tena, na tena. Zahanati walitupa dawa ya malaria, wakatupa na pole. Ndipo Bibi akasema lake.

"Babu yake hajaambiwa," alisema, akiendelea kupepeta mahindi. "Mtoto anaanguka, yeye kule anashangaa tu. Twende tukamwambie."

"Mama, mimi ni mtu wa kanisani," Mama akajibu.

"Sikukatazi kanisa lako. Umekwenda, umeomba, bado anaanguka. Babu naye tumnyime habari?"

Mama akachukua ndoo akaenda kisimani. Lakini asubuhi moja alinivalisha sweta, tukamfuata Bibi hadi kwenye kaburi la Babu nyuma ya mianzi. Bibi alimwaga ulanzi, ile pombe ya mianzi, kidogo na unga, akaongea Kihehe kwa sauti ya kawaida kabisa, namna mtu anavyomsemesha jirani aliye upande wa pili wa ua. Akanifunga mkononi kikamba cha kitambaa cheusi. Mimi niliona vizuri tu. Nilidhani sasa yamekwisha. Nilipogeuka, nikamwona Mzee Yohana, mzee wa kanisa wa mtaa wetu, amesimama njiani na ng'ombe wake. Alivua kofia, labda kwa heshima ya kaburi, akaivaa tena, akaenda zake.

Jumapili chache baadaye, baada ya matangazo ya ndoa na ya harambee ya bati za kanisa, jina la Mama likatajwa. Amewekwa chini ya marudi. Mlutheri yeyote wa huko kwetu anajua maana yake: hushiriki Meza ya Bwana, huimbi kwaya, unakaa benchi la nyuma, na ukifa kabla hujarudishwa kundini, mchungaji haji kukuzika na kengele haigongwi. Hayo ya kengele niliyasikia kwa wanawake kisimani, na yaliniingia kuliko yote. Bibi yeye alicheka kidogo. Alisema afadhali yeye, hakuwahi kuingia, basi hana pa kutolewa. Mama hakucheka, nami nikaona kwamba jambo hili si la kucheka.

Sasa ndipo anapokuja Mwalimu Sanga na Kiingereza chake.

Mwalimu Sanga alitufundisha darasa la tano. Alikuwa mtu mwema, mrefu, shati lake limejaa chaki mfuko mzima, na alikipenda Kiingereza kwa moyo ambao sisi hatukuwa nao. Wiki ileile alituambia kwamba mtu mwenye neno moja ni maskini, kwa hiyo kila siku atatupa neno pamoja na ndugu zake. Ndugu wa siku hiyo walikuwa maneno ya kumtoa mtu. Aliyaandika moja chini ya lingine, kuanzia juu kabisa ya ubao hadi chini karibu na sakafu, ikabidi apige goti kwa lile la mwisho.

"Leave out," alisoma, na fimbo yake ikagonga la kwanza. "Mnagawana viazi, mmemsahau mwenzenu. Siyo kwa ubaya." Fimbo ikashuka. "Exclude. Hapa hamjamsahau, mnamjua, mmemwacha makusudi. Bar. Anataka kuingia, umesimama mlangoni, hapiti. Expel. Alikuwa ndani, mmemtoa." Akapiga goti tena pale chini. "Banish. Huyu mmemtoa, na hata nchini asionekane. Anakwenda mbali, harudi. Haya, wote."

Tukaimba, darasa zima, kutoka juu hadi chini, na fimbo ikishuka nasi. Wenzangu waliyachukua kama maneno tu. Mimi nilikuwa natazama ngazi. Niliona kwa macho yangu mtu amewekwa kwenye kidato cha juu, anasukumwa kimoja kimoja, na akishaanza hakuna anapoweza kushika. Hakuna aliyeniambia kwamba haya ni maneno ya jambo moja, ukitumia hili si lazima lije lile. Nilijua mtu ambaye tayari alikuwa ameanza kushuka. Nikataka kwenda haja ndogo, na sikuthubutu kunyoosha mkono.

Tangu siku hiyo nikawa nahesabu vidato vya Mama. Na mtu anayetafuta, anapata. Asubuhi moja akina mama walipita mbele ya nyumba yetu na majembe, wanakwenda kulima kwa mwenzao mmoja kwa zamu kama ilivyokuwa desturi. Siku zote waliita mlangoni, "Kamwene, Mama Tumaini, tunakwenda." Siku hiyo hawakuita. Leo naweza kusema labda walimwonea huruma, mwenye mgonjwa ndani. Wakati ule nilisimama nyuma ya dirisha nikasema moyoni, leave out.

Kisha mke wa Mzee Yohana akaja kuchukua joho. Alikataa kukaa. Alisimama kwenye kizingiti akizungusha pete yake kidoleni.

"Si mimi, mwenzangu. Kuna mwimbaji mpya, na mavazi hayatoshi."

"Najua," Mama alisema. Akalikunja vizuri, akalifunga kwenye kitenge safi ili lisiingie vumbi njiani. Ule msumari ukabaki ukutani hauna kitu, na usiku nilijifunika shuka mpaka kichwani nisiuone. Exclude, nikasema. Limepita.

La tatu lilikuja Jumapili, mlangoni mwa kanisa. Ulikuwa ule msimu wa upepo wetu, upepo wa baridi unaong'oa bati. Tulipokaribia, Mzee Yohana alikuwa kwenye mlango, mkono wake umenyooka umeukinga wote. Nilimshika Mama kitenge kwa mikono miwili. Nilijua kabisa kitakachotokea: atasema hapana, watu watageuka kututazama, na Mama atarudi nyumbani akilia barabarani. Mama yeye aliinama, akapita chini ya ule mkono, akanivuta na mimi nikapita. Mlango ukataka kujibamiza nyuma yetu, Mzee akauzuia tena na bega. Alikuwa anazuia mlango, siyo sisi. Niliona hivyo kwa macho, ila hofu haikusikia. Niliketi benchi la nyuma nikitetemeka mpaka Mama akanifunika na mtandio wake, akidhani ni baridi.

Shuleni nako Ester, niliyekaa naye dawati moja, alihamishiwa kwingine kwa sababu mama yake hakutaka tukae pamoja. Wenzangu wakaacha kunywa kwenye kikombe changu. Nikawa nakaa nyuma peke yangu. Cha ajabu, sikuwahi kulitafutia hilo neno ubaoni. Mimi niliyekuwa natolewa waziwazi sikujiona, kwa jinsi nilivyokuwa nimekaza macho kwa Mama.

Asubuhi moja niliamka, Mama hayupo. Kitanda kimetandikwa. Lile begi lake la safari, lenye zipu mbovu, halikuwa juu ya kabati. Nilikimbia jikoni kwa Bibi.

"Mama yako kasafiri," Bibi alisema. "Kapanda basi la Mbeya. Kaa ule."

"Atarudi lini?"

"Uji unapoa."

Wazee wetu hawakumweleza mtoto mambo ya wakubwa, na Bibi hakuwa na ubaya wowote. Lakini mimi Mbeya nilikuwa sijawahi kuiona, na mbali kuliko Mbeya sikuwa nakujua. Nikakumbuka Mwalimu Sanga amepiga goti chini ya ubao: anakwenda mbali, harudi. Kile kidato cha expel kilikuwa kimerukwa, au kilipita nikiwa nimelala. Sikulia. Niliogopa kulia, kwa sababu niliona nikilia ndiyo itakuwa kweli.

Siku zile sikuweza kumeza ugali. Kila lori lililonguruma kule barabara kubwa lilinisimamisha. Nilikwenda shambani nikachuma majani ya nyanya, siyo nyanya, majani, nikayafikicha mikononi na kulala nayo chini ya shavu. Asubuhi Bibi aliona shuka limekuwa la kijani, akanitazama, akalifua.

Nilianguka siku moja nikiwa uani. Nilipoamka nilikuwa mahali pale pale nilipoangukia. Bibi alikuwa ameketi karibu, ananipepea na ungo kufukuza nzi, uso umejaa machozi. Hakunigusa. Alinipenda Bibi, hilo sina shaka nalo, ila aliogopa kama walivyoogopa wote. Kichwa changu kilikuwa juu ya udongo. Ndipo nilipojua kwamba Mama akifukuzwa, hicho ndicho kitakachokuwepo: nitaamka siku zote na kichwa kikiwa chini, watu wakinitazama kutoka mbali.

Mama alirudi kwenye mvua, jioni bado kuna mwanga, viatu mkononi. Nilimwona kutoka mbali na sikumkimbilia. Nilidhani ameruhusiwa kurudi kuchukua vitu vyake tu. Aliingia, akafungua begi, akatoa mfuko wa plastiki uliofungwa mara nyingi. Ndani mlikuwa na vidonge vidogo vyeupe. Kaka yake alikuwa mfagiaji wa wodi katika hospitali moja ya Mbeya, na alimtumia ujumbe kwamba kuna daktari anayetibu watoto wanaoanguka. Mama alikwenda kumweleza yule daktari jinsi ninavyoanguka, tena kwa kumwonyesha kwa mwili wake mwenyewe, hapo ofisini, chini sakafuni.

"Kila jioni kimoja," aliniambia. "Fungua mdomo."

Nilifunga mdomo. Nikamuuliza lile swali nililokuwa nalo muda wote.

"Mama, wamekuruhusu kukaa?"

"Nani?"

Basi nikamwaga yote. Nilimweleza ubao, fimbo, akina mama na majembe, joho, mlango, Mbeya. Nikamwimbia yale maneno kutoka juu hadi chini kama tulivyofundishwa. Mama hakujua Kiingereza, ila alisikiliza kama anavyosikiliza wimbo mpya kwenye mazoezi ya kwaya, kichwa upande. Nilidhani atacheka au atanikemea. Alifuta maji ya mvua usoni.

"Yote hayo ni ya kumtoa mtu?"

"Ndiyo."

"Na ya kumrudisha, ni yapi?"

Nilifikiri. Niliupitisha ubao wote kichwani, juu hadi chini.

"Hatujafundishwa," nikasema.

"Haya," Mama akasema. "Fungua mdomo."

Vile vidonge vilifanya kazi polepole. Kuanguka kulipungua, kikamba cha Bibi kikakatika chenyewe kisimani, na Baba akaja na ruhusa ya kazini, maana Mama alikuwa ameomba kurudishwa kundini. Ungedhani ningefurahi. Mimi nililala macho wazi. Kwa hesabu yangu, mtu aliyeponyoka bila kelele alikuwa anakwenda kusimamishwa mbele ya kanisa zima aulizwe maswali, na akikosea jibu moja, yatakwisha yote hapo hapo.

Walimwita mbele. Alivaa gauni lake la bluu. Baba alikuwa upande wa wanaume, ameinamisha kichwa, na mimi benchi letu la nyuma. Mchungaji alikuwa mzee mwenye sauti ya chini.

"Mama Tumaini, unajutia uliyoyatenda?"

"Najutia, Baba Mchungaji."

"Kanisa limekulea. Sasa nikuulize mbele yao. Mtoto akianguka tena leo hii, utafanya nini?"

Nilisikia bati likilia kwa upepo. Nilijua jibu wanalolitaka, kila mtu alilijua, hata watoto: nitaomba, nitamwita mchungaji. Nilisema moyoni, Mama, sema, sema upesi.

"Nitambeba," Mama akasema.

Mchungaji akasubiri. Watu wakasubiri.

"Utambeba umpeleke wapi?"

"Sijui, Baba. Kwanza nitambeba."

Minong'ono ikaanza, kisha ikafa. Nadhani kila mwanamke mle ndani alikumbuka ukingo wa shamba aliosimama yeye. Nilijishika benchi kwa mikono yote miwili. Nilikuwa na hakika wanamtoa, na nikaanza kuinuka ili nitoke naye.

Mchungaji aliwatazama washarika, safu kwa safu, akarudisha macho kwa Mama.

"Kanisa limesikia," akasema. Akanyoosha mkono, akamshika mkono.

Watu wakapanga mstari kumpa mkono, Mzee Yohana wa kwanza, mke wake nyuma yake. Mimi nilibaki nimesimama nusu, sijui kukaa wala kutoka. Kisha wakaimba, na washiriki wa Meza ya Bwana wakaanza kwenda mbele, na Mama akaenda nao. Hapo ikanijia hofu ambayo sikuwa nimejiandaa nayo. Sikuwa na kipaimara, kwa hiyo mezani sikuwa na ruhusa. Benchi lile tulikaa wawili muda wote wa marudi, na sasa yeye alikuwa anakwenda kule mbele kulikojaa watu, mgongo wake wa bluu ukiingia kati ya migongo mingine, na mimi nimebaki nyuma peke yangu. Ukutani hapakuwa na ubao, lakini niliyaona maneno yote.

Katikati ya njia, Mama akasimama. Mstari ukasimama nyuma yake. Mzee Yohana akamwonyesha kwa mkono kwamba aendelee. Mama aligeuka, akapita kando ya watu wote, akarudi mpaka benchi la nyuma, akanipa mkono. Ulinuka majani ya nyanya, ingawa nilimwona jana yake akiusugua kwa sabuni na jiwe.

"Mbona umebaki?" akasema. "Twende."

Tukaenda mbele pamoja, na watu wakatusubiri.